Mabao Matatu Yalimtosha Townshend Kuwa Mwalimu

Timu ya Mbeya ikianza kutafuta kocha mpya, swali la kwanza vijiweni huwa ni lile lile: alicheza wapi? Mwanjelwa wataliuliza, Kabwe wataliuliza, na asubuhi mtangazaji wa redio atalirudia kana kwamba amelitunga yeye. Likitajwa jina la mtu aliyevaa jezi ya Simba, Yanga au Taifa Stars, mjadala unaishia hapo hapo. Akitajwa mwalimu aliyekomea ligi ya mkoa, utasikia, "Huyo naye atawafundisha nini wachezaji wa Ligi Kuu?"

Jibu ninalo, ila nalitoa mbali. Nalitoa kwenye hoki ya barafu, mchezo ambao hata ndugu zetu wa Makete, wanaoamka Julai na kukuta sakitu juu ya majani ya viazi, hawajawahi kuucheza. Mtu wangu anaitwa Graeme Townshend. Alizaliwa Kingston, Jamaika, Oktoba 1965, katika nchi ambayo barafu unaikuta ndani ya friji tu. Familia yake ilihamia Kanada angali mtoto, akakulia Toronto, na akaja kuwa mzaliwa wa kwanza wa Jamaika kucheza NHL, ligi kubwa kuliko zote za mchezo huo duniani. Baada ya hapo akawa kocha, na ukocha wake ndio ninaotaka tuutazame, kwa sababu kwa vipimo vya vijiwe vyetu asingepata hata nafasi ya kuhojiwa.

Kwa asiyeufahamu mchezo wenyewe, habari ni fupi. Uwanja ni barafu tupu yenye urefu wa mita 61 na upana wa mita 26 hivi, umezungushiwa ukuta mfupi. Kila timu ina watu sita uwanjani, kipa akiwemo. Badala ya mpira kuna kisahani cha raba ngumu, na kila mchezaji ana gongo mkononi na kisu chini ya kiatu. Vipindi ni vitatu vya dakika 20. Mwendo ni mkali kiasi kwamba mchezaji hukaa uwanjani chini ya dakika moja, anatoka akihema, mwingine anaruka ukuta kuingia, bila mwamuzi kusimamisha chochote. Kugongana kwa mabega kunaruhusiwa, tena kunasifiwa.

Townshend alikuwa winga mwenye mwili mkubwa, wa aina ile inayotegemewa kwa kugongana kuliko kwa kufunga. Alicheza misimu minne katika timu ya chuo cha Rensselaer Polytechnic, jimbo la New York, kuanzia 1985 hadi 1989. Kule kuna utaratibu wa kila mwaka ambapo vilabu vya NHL hukaa pamoja na kuchagua vijana kwa zamu. Yeye hakuchaguliwa na klabu yoyote. Boston Bruins ndio waliomsajili kama mchezaji huru, akaingia NHL msimu wa 1989/90. Hii ndiyo klabu ile ile ambayo Januari 18, 1958 ilimpanga Willie O'Ree, Mweusi wa kwanza katika historia ya ligi hiyo. Townshend akapita New York Islanders, akapita Ottawa Senators, na miaka mingine yote akaimalizia kwenye ligi za chini hadi alipostaafu mwaka 1999.

Hesabu yake ya NHL: mechi 45, mabao 3, pasi za mabao 7.

Soma tena namba hizo kwa jicho la kijiweni. Mabao matatu! Mtu huyu angefika Mbeya na CV hiyo, angeambiwa asubiri nje. Lakini kule kwao, mwaka huo huo wa 1999, alipewa timu ya kuongoza huko Macon, jimbo la Georgia, katika ligi ndogo ya kusini mwa Marekani. Mwaka 2004 San Jose Sharks, klabu ya NHL, wakamchukua kuendeleza wachezaji wao, hasa katika kuteleza. Mwaka 2008 akaenda kufanya kazi hiyo Toronto Maple Leafs, timu kubwa ya mji aliokulia. Yaani mtu ambaye ligi ilimpa mechi 45 tu kama mchezaji aliitwa tena na ligi hiyo hiyo kuwafundisha watu waliokuwa wakimzidi kwa kila takwimu.

Waliona nini kwake? Hapa natoa tafsiri yangu, kwa kutazama alikopita na aina ya kazi aliyopewa.

Kuteleza kwenye barafu ukikuangalia kwenye runinga unadhani ni jambo moja. Kiangalie kiatu kwa karibu. Kisu cha chini kina unene wa milimita 3 hivi, lakini hakikunolewa kuwa na makali mamoja kama kisu cha jikoni. Katikati kimechimbwa mfereji mwembamba wa kwenda urefu wote, na pande zake mbili zimebaki kingo mbili, ya ndani na ya nje. Kingo hizo ndizo zinazouma barafu. Anayekata kona kwenda kulia kwa kasi anasimamia ukingo wa nje wa mguu wa kulia na ukingo wa ndani wa mguu wa kushoto kwa wakati mmoja, mwili wote umelalia upande, na mkono wa gongo uko huru kufanya kazi nyingine kabisa. Akitaka kuongeza kasi, kosa la kawaida ni kutupa mguu nyuma kama anayekimbia kwenye lami. Barafu haimpi kitu hapo. Inabidi akunje goti sana, asukume kwa upande, kisha mguu urudi chini ya kiwiliwili kabla ya msukumo mwingine. Mguu ukichelewa kurudi, hata kidogo tu, mpinzani ameshapita.

Kipaji kikubwa hufanya yote hayo bila kuyafikiria. Alianza akiwa na miaka mitatu, baba akimwagia maji ua wa nyumba usiku yagande ili mtoto acheze asubuhi, na akifika miaka kumi mguu unarudi wenyewe. Muulize anafanyaje, atakuambia, "Nafanya tu." Mtoto wa familia iliyotoka Kingston hakuwa na baba aliyelelewa katika mchezo huo. Alichojua kuhusu barafu alikipata kwa kuuliza, kwa kuanguka na kwa kutazama wenzake. Na mchezaji wa pembeni, yule ambaye kila msimu anajiuliza kama jina lake litabaki kwenye orodha, hulazimika kujua kwa nini hatua fulani inafanya kazi, maana hana akiba ya kipaji ya kumbeba siku akili ikichoka. Anayeyajua mambo kwa njia hiyo anaweza kuyafungua mbele ya mwingine, kipande kwa kipande.

Sisi huku tunajua namna hii ya kujifunza, ila hatujawahi kuihusisha na michezo. Kijana wa Kikinga akitoka Makete kuja Mbeya au Dar es Salaam, hapewi duka siku ya kwanza. Anakaa kwenye duka la ndugu yake miaka kadhaa, anabeba mizigo, anapanga bidhaa, anajua mteja gani anakopa na hulipa, bidhaa gani inalala. Akija kupewa mtaji wake, anaweza kumfundisha mdogo wake biashara hiyo kuanzia hatua ya kwanza, kwa sababu yeye mwenyewe hakurushwa hatua hata moja. Aliyerithi duka likiwa limejaa bidhaa huwa muuzaji mzuri tu, lakini usimpe wanafunzi.

Upande wa pili wa mizani kuna Wayne Gretzky. Huyu ndiye mchezaji anayetajwa na wengi kuwa bora wa nyakati zote katika hoki ya barafu. Alistaafu akiwa na mabao 894 ya msimu wa kawaida, rekodi iliyodumu hadi Aprili 2025 ilipovunjwa na Alexander Ovechkin wa Urusi. Mwaka 2005 Gretzky akawa kocha mkuu wa Phoenix Coyotes. Akakaa misimu minne, na katika minne hiyo timu haikufika hata mara moja hatua ya mtoano. Kuna sababu nyingi, kikosi chenyewe kilikuwa cha kawaida na klabu ilikuwa na matatizo ya fedha, kwa hiyo nisimbebeshe kila kitu. Lakini mabao 894 hayakuhamia miguuni mwa vijana wake kwa sababu tu alisimama kando ya uwanja.

Kisha mtazame Scotty Bowman. Ujana wake wa kucheza ulikatizwa na jeraha la kichwa katika ligi ya vijana huko Kanada, na hakuwahi kucheza mechi moja ya NHL. Kama kocha mkuu alitwaa Kombe la Stanley, taji la ubingwa wa NHL, mara 9, na hakuna kocha aliyemzidi. Au mchukue Barbara Underhill, Mkanada aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka 1984 katika kuteleza kwa madaha, ule mchezo wa wawili wawili kwenye barafu wenye muziki na mavazi ya kumeremeta. Hakucheza hoki ya kulipwa. Vilabu vya NHL, vikiwemo Tampa Bay Lightning na New York Rangers, vilimwita kuwanyoosha wanaume wenye kilo 100 katika jinsi ya kusukuma mguu. Jaribu kupeleka pendekezo la namna hiyo kwenye kikao cha wadau wa soka hapa kwetu, mwanamke kutoka kwenye riadha aje afundishe mawinga kukimbia, uone kikao kitachukua dakika ngapi kurudi kwenye ajenda.

Kinachonishughulisha zaidi kuliko majina hayo ni cheo chenyewe. Klabu ya NHL ilikuwa ikipangiwa mechi 82 za msimu wa kawaida kwa mwaka katika miaka ile Townshend akiwa San Jose. Kocha mkuu anasafiri, anapanga kikosi, anajibu waandishi, anazima moto wa chumba cha kubadilishia nguo. Hana saa moja ya kukaa na kijana mmoja kuzungumzia goti. Kwa hiyo klabu ikatenga kazi ya mtu ambaye hapangi kikosi na hafukuzwi timu ikifungwa mechi tano mfululizo. Kazi yake ni goti, ukingo wa kisu na mguu unaochelewa kurudi. Akipata kijana wa miaka 19 aliye kwenye timu ya ligi ya chini, anamfuata huko huko. Matunda yake yataonekana baada ya miaka miwili au mitatu, pengine kocha mkuu akiwa mwingine kabisa.

Najua msomaji mkali ataniuliza: hicho cheo kidogo kilikuwa mlango au ukuta? Ni swali la haki. Townshend hakuwahi kuwa kocha mkuu wa NHL. Na historia ya ligi hiyo kwa makocha Weusi ni fupi mno. Dirk Graham, aliyekuwa nahodha wa Chicago Blackhawks, alipewa timu hiyo mwaka 1998, akaondolewa kabla msimu haujaisha baada ya mechi 59. Robo karne baadaye, orodha ya makocha wakuu Weusi wa NHL ilikuwa bado na jina hilo moja. John Paris Jr. aliipa Atlanta Knights ubingwa wa ligi ya daraja lililo chini ya NHL mwaka 1994, Mweusi wa kwanza kutwaa taji la aina hiyo katika hoki ya kulipwa, na simu ya kumwita juu haikulia. Mhamiaji mwenye ngozi nyeusi anapoambiwa "wewe ni bora sana katika kufundisha kuteleza," inawezekana kabisa kwamba sifa hiyo ni ya kweli na wakati huo huo ni namna ya kumwekea kiti kwenye kona ya chumba. Siwezi kuyatenganisha hayo mawili nikiwa Mbeya, na sitajifanya naweza.

Hata hivyo yeye alikuwa na nchi nyingine ya kuifanyia kazi. Jamaika iliingia kwenye shirikisho la kimataifa la hoki ya barafu mwaka 2012, ikiwa haina uwanja wa barafu hata mmoja kisiwani. Vichekesho juu ya jambo hilo viliandikwa vingi, na watu wakakumbushana timu yao ya kuteleza kwa gari la barafu iliyokwenda Olimpiki ya Calgary mwaka 1988. Townshend akawa mmoja wa waalimu wa timu hiyo ya taifa, na wachezaji wakatafutwa walipo: Kanada na Marekani, watoto na wajukuu wa Wajamaika walioondoka kama wazazi wake. Septemba 2019 timu hiyo ilikwenda Coral Springs, Florida, kwenye mashindano ya nchi za Amerika ya Kusini na Karibiani, ikarudi na kombe baada ya kuifunga Kolombia kwenye fainali iliyoamuliwa kwa mikwaju. Nchi isiyo na barafu ilikuwa na mabingwa wa barafu kwa sababu ilikuwa na watu wake waliotawanyika, na ilikuwa na mtu wa kuwafundisha.

Jirani zetu wa Kenya nao wamepita njia inayofanana. Timu yao ya Ice Lions ilianza kwenye kiuwanja kidogo cha barafu ndani ya hoteli ya Panari, Nairobi, ikifundishwa na Mkanada aliyekuwa akiishi huko. Mwaka 2018 walipelekwa Kanada na kampuni moja ya kahawa, wakacheza pamoja na Sidney Crosby, nyota wa NHL, na mwaka 2024 Kenya ikapokelewa kwenye shirikisho la dunia. Sisi Tanzania kwa watu wetu wa nje tumeshaanza upande wa soka. Kwenye AFCON iliyochezwa Januari 2024 huko Kodivaa, Taifa Stars ilikuwa na vijana waliolelewa Uingereza, Haji Mnoga na Tarryn Allarakhia wakiwemo. Tumewaita kama wachezaji. Sijasikia tukizungumza kwa uzito kuhusu kuwaita walimu, wale waliokaa kwenye akademi za huko miaka kumi wakifundisha watoto wa chini ya miaka 12 bila jina lao kuandikwa popote.

Turudi nyumbani. Benchi la timu ya Ligi Kuu Nyanda za Juu Kusini unalijua: kocha mkuu, msaidizi, kocha wa makipa, daktari, meneja, mtunza vifaa. Kocha wa makipa ndiye pekee hapo mwenye kazi ya kufundisha kitu kimoja, na hakuna mtu anayeuliza alifunga mabao mangapi. Tulikubali zamani kwamba kudaka ni ufundi wa peke yake. Kwa winga anayekimbia vizuri mpaka kwenye kibendera cha kona halafu anapiga krosi inayoishia mikononi mwa kipa, tunasema hana bahati. Kwa mshambuliaji anayepokea mpira ukamruka mita mbili, tunasema ni kiwango cha ligi yetu. Kupokea mpira kunafundishika. Krosi inafundishika, kama goti la Townshend linavyofundishika, lakini anahitajika mtu ambaye hiyo ndiyo kazi yake Jumatatu mpaka Ijumaa.

Sisemi kwamba jina kubwa ni kasoro. Selemani Matola alikuwa kiungo na nahodha wa Simba, akaja Iringa kuinoa Lipuli, na mwaka 2019 Wanapaluhengo hao wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho, wakafungwa na Azam bao 1-0. Mtu aliyecheza juu anaweza kufundisha, na huyo alifundisha. Lakini Lipuli yenyewe ilishuka daraja msimu uliofuata, Matola akiwa ameshakwenda zake Simba. Kilichobaki Samora baada ya yeye kuondoka kilikuwa uwanja. Hakukuwa na mfumo wa walimu chini yake ambao ungeendelea kuzunguka mwenye jina akiondoka.

Mbeya City ni kisa kingine cha aina hiyo, na kwangu kinauma zaidi. Msimu wa 2013/14, mara tu walipopanda, walimaliza nafasi ya tatu nyuma ya Azam na Yanga, Simba wakiwa chini yao. Juma Mwambusi ndiye aliyekuwa kocha. Uwanja wa Sokoine ulikuwa haukaliki, mashabiki wa hao Wagonga Nyundo walijaa mpaka juu ya miti. Mwambusi naye akachukuliwa Yanga kuwa msaidizi. Mwaka 2023 timu ikashuka, na imebidi kusubiri hadi msimu wa 2025/26 kurudi Ligi Kuu. Wale vijana wa 2013 sasa wanakaribia au wamepita miaka 35. Wengi wao walikuwa wachezaji wa kawaida, mechi 40, mechi 60, mabao mawili matatu. Wanajua Ligi Kuu inavyouma kwa mtu asiye na kipaji cha kutisha. Kwa hesabu za vijiwe vyetu hao hawana cha kufundisha, na kwa hesabu niliyoifanya hapo juu, humo ndimo ningeanza kutafuta.

Nyuma yao kuna kizazi cha Tukuyu Stars, Banyambala, waliotwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1986 baada ya kupanda tu. Hao sasa ni wazee. Njombe Mji walipanda wakacheza msimu wa 2017/18, wakashuka. Ihefu ya Mbarali ndiyo habari ngumu kuliko zote: haikufa, ilihamishwa, leo inaitwa Singida Black Stars na Ubaruku, ilikokuwa ikicheza, hawana timu. Klabu zetu zinaondoka, zinashuka, zinauzwa. Ujuzi uliomo kichwani mwa waliozichezea hauuziki pamoja na jina, lakini usipopewa kazi unapotea vile vile.

Prisons wana nafasi ambayo wengine hawana, na nashangaa haizungumzwi. Timu ni ya Jeshi la Magereza, na mchezaji aliye askari akistaafu kucheza bado yuko kazini na mshahara unaingia. Kumpangia mtu huyo kazi ya kufundisha kitu kimoja kwa vijana wa mkoa hakuhitaji mfadhili wa kinywaji wala harambee. Inahitaji barua ya kumpangia kituo. Wale wa timu za kiraia hawana bahati hiyo. Yule aliyecheza mechi 45 za Ligi Kuu leo utamkuta stendi ya Nane Nane akisimamia bodaboda zake mbili, na jioni akiitwa kutoa maoni bure kuhusu mechi ya jana.

Kuna suala la leseni pia. TFF imeweka masharti ya leseni za CAF kwa makocha wa madaraja mbalimbali, na masharti hayo ni mazuri, yameondoa watu waliokuwa wakipewa timu kwa undugu. Lakini ngazi yote imejengwa kumpeleka mtu kwenye ukocha mkuu. Mwenye leseni ya chini anaonekana kama aliyekwama njiani, hata kama ndiye mwalimu bora wa watoto mkoani. Townshend alishuka kutoka ukocha mkuu wa Macon kwenda kufundisha kuteleza San Jose, na kwenye kazi zake hilo linahesabiwa kuwa ni kupanda. Kwetu angeulizwa amekosa nini.

Kwa Mbeya jambo hili lina mlango wake wa kuingilia. Mbeya City ni timu ya Halmashauri ya Jiji, yaani bajeti yake inapita mbele ya madiwani. Walimu watatu wa ufundi wa kitu kimoja kimoja, mmoja wa kupokea mpira, mmoja wa krosi, mmoja wa umaliziaji, wakizunguka shule za sekondari za jiji jioni mara tatu kwa wiki, wanahitaji posho, nauli na mipira. Gharama hiyo haifiki mshahara wa mshambuliaji mmoja wa kigeni anayekaa benchi. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1 na makisio hujadiliwa miezi kadhaa kabla, kwa hiyo diwani anayetaka kulileta asisubiri dirisha la usajili lifunguliwe, maana likishafunguliwa tutakuwa tunaulizana tena nani alicheza wapi.